Mwaka Tuliopima Raketi

Nasoro alizikwa nikiwa bado njiani. Simu ilinifikia Njombe asubuhi, na kwa Waislamu maiti haikai kusubiri wageni, kwa hiyo nilipofika Makambako wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wanakunywa chai chini ya turubai, na upepo wa mji ule unalipiga turubai kama mtu anayekung'uta mkeka. Mpwa wangu Tuli alinishika mkono akaniingiza chumba cha wanawake. Nilivua viatu, nikahisi mkeka, kisha zulia, kisha goti la mtu, na mwenye goti akanisogezea nafasi. Chumba kilinuka ubani na pilau. Watu wengi hudhani kwamba asiyeona pia hasikii. Mmoja aliuliza, "Huyu mama ni nani?" Mwingine akajibu, "Mbena wa Njombe huyo. Eti walikuwa wakicheza tenisi na marehemu ujanani." Wa tatu akacheka, akakumbuka alipo, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Sikumlaumu. Mwanamke mzima, kipofu, na tenisi: hata mimi maneno hayo yakiwekwa pamoja huwa nayaona ni ya uongo.

Baadaye mjane wake, Bi Mwanahawa, alikuja kukaa karibu yangu. Nilimpa pole, naye akanipa pole ya safari. Nikamwambia mimi ni mgeni tu, asijisumbue. "Wewe si mgeni, dada Skola," akasema. "Jina lako nimelisikia humu ndani tangu niolewe. Si kwa ubaya. Alilitaja tu, kama mtu anavyotaja kijiji alichowahi kuishi." Kisha akaniwekea kitu mapajani. "Hii ilikuwa juu ya kabati lake. Watoto wakiigusa alikuwa mkali. Nimeishi nayo miaka yote hii, na sijawahi kujua ni ya nini hasa." Niliipapasa. Mbao zilikuwa zimejipinda kwa kukaa bila kibano, rangi imebanduka, nyuzi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nilitanua vidole ndani ya kichwa chake, kutoka juu hadi kwenye shingo, kisha kutoka upande hadi upande. "Ni raketi ya inchi sitini na sita," nikamwambia. Alisubiri niendelee. Haya ndiyo niliyoshindwa kumwambia siku ile.

Mwaka tuliopima raketi nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la kwanza, shule ya msingi pembeni mwa mji wa Njombe, na niliishi kwa shangazi yangu Eda, nyumba ya matofali yenye chumba cha mbele kilichokuwa na viti vinne, meza ya vitambaa vya kufuma na jiko la mkaa ambalo miezi ya baridi tulilihamishia ndani, dirisha likiwa wazi kidogo. Ulikuwa mwaka wa foleni za sukari. Chai tuliinywa na chumvi au na mua, na viazi tulivila asubuhi, mchana na jioni. Lakini kilikuwepo kiwanja cha tenisi. Wazungu wa mashamba ya miti ya miwati na ya chai walikiacha walipoondoka, kiwanja cha udongo mwekundu kilichozungukwa na mikaratusi, na pembeni chumba kimoja cha mabati walichokiita klabu. Chumba kile nakikumbuka kuliko darasa langu. Kilinuka vanishi na sweta za sufu zilizolowa ukungu. Ukutani zilining'inia raketi, kila moja imefungwa kwenye kibano chake cha mbao chenye skrubu nne, maana raketi ya mbao ukiiacha huru katika unyevu wa Njombe hujikunja kama jani la tumbaku. Mezani palikuwa na sufuria ya viazi vya kuchemsha, kisosi cha chumvi, na futikamba ya mshonaji.

Futikamba ilikuwa ya Mwalimu Lameck, mwalimu wa hesabu wa sekondari na katibu wa klabu, mseja wa makamo aliyevaa koti lilelile misimu yote. Raketi zetu zilikuwa za kurithi. Zilikuja kutoka mashamba ya chai, kutoka misheni, kutoka kwa watu waliohama, na maandishi yake yalikuwa yamefutika. Mwalimu Lameck hakuamini hata maandishi yaliyobaki. "Kiwanda kinapima kinavyotaka kuuza," alisema. "Wengine wanapima kutoka nje ya fremu ili kichwa kionekane kikubwa. Ukinunua shamba, unapima na barabara ya jirani? Kichwa cha raketi kinapimwa ndani, pale nyuzi zinapoanzia." Kila raketi iliyoingia aliilaza mezani. Alipima urefu wa ndani, akaugawa kwa mbili. Alipima upana wa ndani, akaugawa kwa mbili. Akazidisha nusu kwa nusu, kisha kwa ishirini na mbili juu ya saba, na jibu akaliandika kwa rangi nyeupe chini ya mpini. Raketi niliyoichezea ilikuwa na urefu wa ndani wa inchi kumi na nusu na upana wa inchi nane. Jibu: inchi za mraba sitini na sita. Kisha aliipima uzito kwenye mizani ya duka la jirani, akailaza juu ya kidole chake kimoja kutafuta mahali inapotulia, aone kama uzito umekaa kichwani au mkononi. Sisi wengine tukila viazi, tukimtania. Leo sina raketi, sina macho, lakini hesabu ile bado ninaweza kuifanya nikiwa nimelala, na wakati mwingine huifanya, kama wenzangu wanavyosali.

Nasoro alikuja Njombe kila Jumamosi na lori la baba yake, aliyekuwa msafirishaji Makambako. Lori lilileta chumvi, sabuni na mabati, likarudi na viazi na mbao, na wakati vibarua wanapakia, yeye alikuwa kiwanjani. Alikuwa mrefu, mpole, anacheza kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mwalimu Lameck alitupanga pamoja kwa sababu ya urefu wake na mbio zangu: yeye abaki nyuma, mimi nikae karibu na wavu. Tulifaana tangu siku ya kwanza. Hatukuongea mambo ya mapenzi, watu wasidhani hivyo. Mimi ni Mlutheri, yeye Mwislamu, na shangazi Eda alikuwa na masikio. Tuliongea tenisi. Lakini alipokuwa akinimenyea kiazi, anakipuliza kipoe, ananipa bila kuniangalia, nilijua, naye alijua kwamba ninajua. Mwishoni mwa mwaka jozi moja, mwanamume na mwanamke, ingechaguliwa kwenda kucheza Dar es Salaam kwa niaba ya mkoa. Sikuwa nimewahi kuiona Dar es Salaam. Nasoro alisema tukichaguliwa tutakwenda na treni, na yeye atakaa upande wa mlango ili mimi nikae dirishani.

Masika yalipokwisha nikaanza kukosa mipira. Haikuwa kila mpira. Mpira uliokuja mbele yangu niliupiga vizuri kama zamani, pengine vizuri zaidi. Uliokuja kutoka pembeni ulitokea ghafla karibu na bega langu, kama umerushwa na mtu aliyejificha. Nilimwambia Nasoro kwamba ni ukungu. Siku zilizokuwa na jua nilisema ni jua. Nyumbani nilikosea bakuli la mboga, nikachovya tonge la ugali mezani, na shangazi Eda akasema, "Mwanangu, mawazo yako yako Makambako." Shuleni nilijikwaa kwenye madaftari na kwenye watoto wenyewe. Jioni, wenzangu wakisema giza bado, mimi tayari nilikuwa ninatafuta ukuta kwa mkono. Sokoni wanawake walianza kunilalamikia, nami nikawasikia nikichagua njegere: "Huyu mwalimu wa siku hizi, unamsalimia kamwene, anapita kama gogo." Mwingine akasema, "Ana mchumba mwenye malori, atakusalimia wewe?" Shangazi alinipeleka zahanati. Mganga alinisimamisha mbele ya ubao wa herufi, nikazisoma zote hadi mstari wa mwisho kabisa, na akacheka, akasema nina macho ya mwewe. Tulirudi nyumbani tumefurahi. Shangazi alichinja kuku.

Kwa hiyo ikawa ni raketi. Ingekuwa nini tena? Mwalimu Lameck ndiye aliyeanza kusema hivyo, kwa nia njema, na nilimwamini kwa moyo wote. Alieleza kwamba raketi ya inchi sitini na sita ina eneo zuri la kupigia lisilozidi kisosi cha chai, na mchezaji akichelewa kidogo tu, mpira unagonga mbao. Dawa yake ni kichwa kikubwa. Alitafuta kwenye mashamba ya chai akapata moja ya mbao yenye urefu wa ndani wa inchi kumi na moja na upana wa tisa. Tulihesabu pamoja, vichwa vyetu vikigusana juu ya meza: karibu sabini na nane. Nilicheza nayo, ile ya sitini na sita nikamwachia Nasoro, na kwa majuma kadhaa nilikuwa kama nimepona. Ninakumbuka furaha ya majuma yale, na ndiyo inayonisumbua kuliko huzuni zote zilizofuata. Niliimba nikiosha vyombo. Nilikuwa ninapofuka, na nilikuwa ninaimba.

Ilipoanza kushindwa hiyo nayo, Nasoro alikuja Jumamosi moja na kitu kimefungwa kwenye gunia la chumvi. Alikuwa amekinunua kwa mhandisi wa barabara, mgeni aliyekuwa akiuza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa raketi ya alumini, yenye kichwa ambacho hakuna aliyekuwa amekiona mfano wake Njombe. Mwalimu Lameck alifuta mikono, akailaza mezani kama mtoto mchanga. Urefu wa ndani, kumi na nne. Upana wa ndani, kumi. "Saba mara tano, thelathini na tano," akasema taratibu. "Mia moja na kumi." Akapima tena, maana hakuamini. Kisha akaipima uzito, ikawa nyepesi kuliko za mbao, na akatikisa kichwa. "Binti," akaniambia, "kama mpira utakukosa hapa, basi hautaki kupigwa." Watu walicheka. Nasoro hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi, na ilibidi nigeuke ndipo nimwone, kwa sababu alikuwa amesimama pembeni, na pembeni kulikuwa kumeshaanza kuwa mahali pasipo na kitu.

Mchezo wa kuchagua jozi ulifanyika Makambako, kwenye kiwanja cha kambi ya wajenzi wa barabara, siku ya upepo. Tulikutana na mume na mke kutoka Iringa, watu wa makamo waliozoeana mpaka hawakuhitaji kuitana. Mume aliiona raketi yangu akasimama. "Hiyo si raketi," akasema kwa mwamuzi. "Hiyo ni ungo. Aende nayo akapepete mpunga." Watazamaji wakashangilia. Mwamuzi hakujua la kufanya, na Mwalimu Lameck akaitwa na futikamba yake. Aliomba meza, ikaletwa. Alipima mbele ya wote, akisema kwa sauti ya darasani: sheria inaruhusu sehemu ya nyuzi isizidi inchi kumi na tano na nusu kwa urefu, na kumi na moja na nusu kwa upana, hii ni kumi na nne kwa kumi. "Raketi ni halali," akatangaza. "Haina kosa lolote." Yule mume akakubali kiungwana, akasema, "Haya, basi tucheze." Nilikuwa na furaha kwa muda wa kutembea kutoka mezani hadi kwenye wavu. Halafu maneno yale yakanirudia, kwamba raketi haina kosa.

Hawakuchelewa kugundua. Mke wa yule bwana alipiga mpira mmoja pembeni kushoto kwangu, nikasimama kama sanamu. Akapiga mwingine. Nilisikia mtu nyuma ya uzio akisema, "Mbona hata hajaribu?" Nasoro alikimbia pande zote mbili, akicheza kwa ajili yangu na kwa ajili yake, anahema, bila kunilaumu kwa neno moja. Kisha ukaja mpira mfupi, laini, mbele yangu kabisa, mpira ambao mtoto angeuwahi, na nikaukimbilia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu huo nilikuwa ninauona. Niliuona mpira peke yake. Niligonga nguzo ya wavu kwa uso na kifua, nikaanguka chali. Watu walicheka kwanza, kama watu wanavyocheka, kisha wakaona damu. Nasoro alipiga magoti akanishika kichwa. "Skola," akasema, "hukuiona nguzo?"

"Nguzo ipi?" nikamuuliza.

Alinifuta damu kwa kola ya shati lake.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni kule Ludewa, aliposikia kwamba kuna daktari wa macho amefika kwa muda. Alimwambia shangazi kwamba atakuwa kama kaka yangu safarini, na shangazi, ambaye mwaka mzima alikuwa amenilinda naye, akanifungia kande kwenye kopo, akasema, "Nenda naye." Daktari alikuwa mzee, mpole. Hakunipa ubao wa herufi. Aliniambia nimtazame puani, nisihamishe macho, niseme nikikiona kidole chake kinachotoka pembeni. Nilisubiri. Nilidhani bado hajaanza. Nilipokiona kidole, kilikuwa karibu kugusa pua yake. Alifanya vilevile upande wa pili, kisha akaniangalia ndani ya macho kwa taa, akaniomba nikapumzike nje. Nilikaa kwenye benchi la varanda, chini ya dirisha lenye wavu wa mbu. Uani wanawake walikuwa wakiwapikia wagonjwa wao, na moshi wa kuni mbichi ulikuja mpaka nilipokaa. Daktari alidhani Nasoro ni ndugu yangu. Nilimsikia akisema, "Ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Bomba litaendelea kuwa jembamba." Nasoro aliuliza kuhusu miwani. Hakuna miwani. Akauliza kuhusu upasuaji, kuhusu Dar es Salaam, kuhusu Ulaya. Hakuna, hakuna, hakuna. Kisha Nasoro akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na watoto wake? Watapata?" Daktari akasema inawezekana, ugonjwa huu hutembea katika damu, hawezi kuahidi.

Nimefikiri juu ya swali lile maisha yangu yote. Hakuwahi kuniambia ananipenda, wala mimi sikumwambia. Kupitia dirisha lile ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekwisha kuwafikiria watoto wetu, pengine na majina yao, na katika pumzi ileile nilisikia akiwazika. Sikupata hata nafasi ya kufurahi. Wanawake wa uani walikuwa wakibishana kuhusu chumvi. Mmoja aliniuliza ninaumwa nini, nikamwambia nimesindikiza mgonjwa.

Wakati wa kurudi tulisimama Mlangali kula. Ugali na maharage, mezani kwenye hoteli yenye kuta za bluu. "Daktari amesema tutaona," Nasoro alianza, kisha akalisikia neno lake mwenyewe, akaweka tonge chini.

"Nilisikia," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote. Hata la watoto."

Hakula tena. Mimi nilikula. Watu hushangaa nikisimulia hilo, lakini nilikula sahani yangu yote, na nadhani nilimaliza na maharage yake, nikitazama kila tonge kabla ya kulimeza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufanya hivyo kwa kila kitu.

Shule haikunifukuza. Mwalimu mkuu alinitoa darasa la kwanza, akanipa kazi ya stoo ya madaftari, na mwisho akaniomba nipumzike, na neno lile la kupumzika likawa la maisha. Baada ya miaka nilijifunza kufuma sweta kwa mashine, na sweta zimenilisha. Si jambo dogo, lakini sitasema kwamba lilinifariji. Sijapata kuelewa watu wanaosema kwamba kila mlango ukifungwa mwingine hufunguka. Kwangu ulifungwa taratibu, mchana kweupe, nikiwa nimesimama nautazama. Mwalimu Lameck alikuja kunijulia hali. Alikula viazi viwili, akaniuliza kama ningependa ile raketi kubwa iwekewe nyuzi mpya. Nikamuuliza ya nini. Akawa anakunja na kukunjua futikamba mfukoni, nilimsikia. "Sijui, binti," akasema. "Sijui kufanya kitu kingine."

Nasoro alipunguza kuja. Kwanza lori lilikuwa bovu, kisha barabara ilikuwa na tope, na sababu zote zilikuwa za kweli. Alikuja baada ya Krismasi, siku ya jua kali lisilo la kawaida Njombe, amevaa kanzu na koti, na kwa mavazi yale peke yake nilielewa. Shangazi Eda alikuwa ameshasikia sokoni kwamba baba yake amemposea binti wa Songea. Alitukaribisha maandazi na chai, akaenda uani bila kuitwa, na huko nikamsikia akifagia mahali palepale tena na tena. Nasoro alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Skola," akasema, "kuna jambo."

"Kabla hujasema," nikamwambia, "sogea hapa kwenye mwanga wa dirisha nikutazame."

Alisogeza kiti. Wakati ule sikuweza tena kuuona uso wa mtu wote kwa mara moja. Niliuona kipande kimoja kimoja, na kila kipande ilibidi nikitafute. Nilianza na nywele zake, zilizokuwa zimekatwa upya. Nikashuka kwenye paji la uso, pale lilipong'aa kwa jasho. Nikakaa sana kwenye jicho la kulia, mpaka likalowa, nikahamia la kushoto, nalo lilikuwa limeshalowa. Nikapita kwenye pua na mashavu yote mawili. Hakutikisika. Ulikuwa umebaki mdomo tu, uliobeba lile jambo. Nikaruka nyuma hadi kwenye nywele, nikaanza upya, polepole zaidi.